Faini Zimeandikwa kwa Jina Langu, Ratiba Imeandikwa na Kampuni

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi kutoka Kimara. Mimi ni dereva mwenye umri wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka sita sasa ninaendesha Canter ya kampuni ya kusambaza vinywaji ambayo bohari yake ipo Vingunguti. Sijawahi kusababisha ajali, wala sinywi pombe. Ninakuandikia kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza limeanza kuingia ndani ya nyumba yangu.

Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ninapeleka mzigo Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo. Ninatakiwa kuripoti bohari saa 12 asubuhi, mzigo unapakiwa kwa muda wa saa nzima, na ninatoka getini saa 1, wakati Barabara ya Mandela imekwishafungana kutoka Tabata hadi Ubungo. Mteja wa kwanza, mwenye duka la jumla jirani na Msamvu, ameahidiwa na kampuni kwamba mzigo utamfikia kabla ya saa 4. Nikifika saa 4 na nusu, mkuu wa usambazaji ananipigia simu na kunisema huku mteja akisikia, na mwisho wa mwezi neno "ucheleweshaji" linaandikwa kwenye faili langu.

Mwezi uliopita nilipigwa tochi, kile kifaa cha askari cha kupima mwendo, mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Kibamba, nikiwa na kilomita 68 kwa saa ndani ya eneo la hamsini. Mara ya pili ilikuwa kati ya Vigwaza na Chalinze, barabara ikiwa wazi kabisa, nikiwa na 97. Mara ya tatu ilikuwa karibu na Mikese, nikiwa na 63 mahali ambapo ninasema kwa moyo mweupe kwamba sikuona kibao chochote. Jioni niliporudi nilisimama makusudi nikatazama, nikakuta nguzo ya kibao imelala majanini. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, kwa hiyo zilitakiwa kuwa 90,000. Lakini ile ya Kibamba sikusimamishwa, deni likaingia kwenye mfumo kwa namba ya gari, na mhasibu aliyeliona hakuniambia mpaka siku saba zikapita, likapanda hadi 37,500. Kampuni ililipa zote, kisha ikakata shilingi 97,500 kwa mkupuo mmoja katika mshahara wangu wa 350,000, bila kuniita wala kunisainisha karatasi yoyote. Mke wangu alipoona kilichobaki alidhani nimekipeleka kwingine, na tulikaa siku mbili bila kusemezana vizuri.

Sisi madereva tunasaidiana. Tuna kundi la WhatsApp la kupashana habari za tochi, tunawashiana taa, na utingo wangu anajua kuwa kazi yake ya pili ni kuangalia kivuli cha kila mwembe. Siku moja pale Mlandizi, nikiwa nimeshaambiwa kwamba mbele ni kweupe, mtoto wa shule ya msingi aliingia kwenye zebra, nikakanyaga breki hadi kreti mbili za juu zikapasuka, na gari likasimama hatua tatu kutoka alipokuwa. Namshukuru Mungu, hilo lilipita.

Sasa ninasikia kila mahali mazungumzo ya kamera za kudumu barabarani. Shemeji yangu anayeishi Uingereza ananiambia kwamba huko kamera zimejaa kwenye barabara kuu, na kwamba barua ya faini inakufuata nyumbani hata kama hujamwona askari. Nikilinganisha na mshahara wangu ninaogopa. Naomba unisaidie kwa mambo matatu. Je, kampuni ina haki ya kunikata hivi? Je, nilipaswa kuikataa ile faini ya Mikese? Na je, kamera hizi ni za usalama kweli, au ni mtego wa kukusanya fedha kutoka kwa watu wa hali ya chini kama mimi?

Dereva wa Canter, Kimara


JIBU

Ndugu yangu dereva,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno yale yale, ambayo wewe uliyapita haraka zaidi kuliko mengine yote: "hilo lilipita". Umeeleza vizuri habari za kreti zilizopasuka, lakini hukusema kama mtoto yule alikuwa msichana au mvulana, wala kama alilia, wala kama ulishuka kumwangalia. Sikulaumu kwa hilo, kwa sababu mtu anapokuwa na dakika za kuhesabu hujifunza kutotazama nyuma. Hata hivyo naomba uniruhusu nianze na Mlandizi kabla ya mshahara, kwa kuwa maswali yako yote matatu yanajibika vizuri zaidi kutokea hapo.

Hukutaja mwendo uliokuwa nao, kwa hiyo nitatumia 63 ya Mikese. Chukua Canter iliyopakia, breki nzima, lami kavu, na dereva ambaye mguu wake unaifikia breki sekunde moja baada ya jicho kuona. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hilo linakula karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kazi, kisha mita 19 nyingine ndipo lisimame. Jumla ni kama mita 33. Kwa kilomita 63, linahitaji kama mita 48. Watu wengi huishia hapo na kusema kwamba tofauti ni mita 15 tu, urefu wa magari matatu madogo. Lakini jiulize ni nini kinachotokea mahali pale ambapo gari la hamsini limekwisha kusimama: gari la 63, pale pale, bado linakwenda kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Mtoto ambaye asingeguswa kabisa na gari la kwanza, anagongwa na la pili kwa mwendo wa pikipiki ya mjini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari hupanda mara nne na nusu mwendo unapotoka 50 kufika 65. Hizo ndizo kilomita ambazo sisi huziita "nilizidisha kidogo".

Ninayaandika haya nikiwa mkazi wa Mbezi ambaye huvuka Barabara ya Morogoro kwa miguu karibu kila siku. Tangu kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kipanuliwe kuwa njia nane, ninyi mnaoendesha mmepumua, na ninafurahi kwa ajili yenu. Lakini kwa mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi, njia nane ni safari. Lori linalokuja linaonekana kuwa mbali, na mtu wa miguu hana namna ya kujua kama ni mbali kwa hamsini au mbali kwa sabini.

Sasa nije kwenye ratiba, kwa sababu hapo ndipo una haki ambayo wewe mwenyewe hujaidai. Kutoka Vingunguti hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Ukitoka saa 1 asubuhi, katika foleni ya Mandela na Ubungo, kufika Kibaha ndani ya saa moja na nusu ni bahati. Zinabaki kilomita 150 na saa moja na nusu nyingine. Gawanya mwenyewe: ni kilomita 100 kwa saa, bila kupunguza hata katika kijiji kimoja. Gari lako likiwa na uzito unaozidi kilo 3,500, sheria inalizuia kuzidi kilomita 80 kwa saa hata mahali ambapo hakuna nyumba wala mtu, na katika maeneo ya makazi kikomo ni 50 kwa wote. Tukisema kwamba kati ya hizo kilomita 150, arobaini hivi zinapita katikati ya makazi, dereva anayetii sheria anahitaji saa mbili na dakika kumi kutoka Kibaha, mradi asikutane na foleni ya mzani wa Vigwaza. Ratiba yako imepungukiwa na dakika arobaini, na dakika hizo hazijawahi kuwepo. Unazitafuta kwa mguu wa kulia mara tatu kila wiki, na umezitafuta hivyo kwa miaka sita.

Hesabu hii iandike kwenye karatasi, kwa mkono wako, ukiweka saa halisi za wiki mbili: umeondoka getini saa ngapi, umefika Ubungo saa ngapi, Kibaha saa ngapi, Chalinze saa ngapi. Utingo aliyekuwa akiangalia miembe anaweza kushika kalamu. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko malalamiko yote utakayompelekea mkuu wako, kwa sababu malalamiko anaweza kuyaita uvivu, lakini hawezi kuuita uvivu umbali wa Kibaha na Msamvu.

Kuhusu kukatwa mshahara, jibu langu ni kwamba kampuni imekosea namna ya kukata, ingawa hiyo haina maana kwamba makosa yenyewe si yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale ambapo sheria, makubaliano ya pamoja au amri ya mahakama inaruhusu, au mfanyakazi amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Hata pale mwajiri anapodai fidia ya hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, anapaswa kufuata utaratibu wa haki na kumpa nafasi ya kujieleza, na makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira. Robo ya 350,000 ni 87,500. Wewe umekatwa 97,500, hukuitwa na hukusaini. Kati ya fedha hizo, 7,500 ni adhabu ya kuchelewa ambayo ilitokana na taarifa kulala mezani kwa mhasibu. Hiyo sioni namna yoyote ya kuiita kosa la dereva.

Andika barua fupi yenye adabu kwa ofisi ya utumishi, uombe maelezo ya makato na kikao. Usitishie. Ukinyimwa majibu, una njia ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi muda wa kuwasilisha ni ndani ya siku 60, kwa hiyo usikae ukisubiri huruma mpaka muda ukupite. Lakini ninakusihi ujaribu kwanza kikao, kwa kuwa unachohitaji zaidi ni ratiba inayowezekana, na ratiba haitolewi na Tume.

Katika kikao hicho uwe mkweli kuhusu kila faini, maana hazifanani. Ya Kibamba ni yako. Pale ni mjini, watu wanaishi pande zote mbili, na 68 haina utetezi hata kama bosi angekuwa amekaa kiti cha pembeni akikuhimiza. Sheria humwadhibu aliyeshika usukani, na ninaona ni sawa, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuinua mguu. Ya Vigwaza kisheria ni yako pia, ila hiyo ndiyo ratiba yenyewe imejiandika barabarani: 97 ni karibu mwendo uleule unaotoka ukigawanya kilomita ulizopewa kwa muda uliopewa. Hapo ni haki umwambie mwajiri, kwa upole, kwamba kosa lina wazazi wawili, na uombe faini ya namna hiyo isibebwe na mtu mmoja.

Ya Mikese ni ngumu zaidi. Faini hizi za papo kwa papo zimewekwa kwa ajili ya mtu anayekubali kosa. Anayekana ana haki ya kukana na shauri lake kupelekwa mahakamani. Kampuni ilipolipa, mlango huo kwa kiasi kikubwa ulifungwa, na hilo ni jambo jingine la kulalamikia katika kikao, kwamba ililipa kabla ya kukuuliza. Siku nyingine, ukiona kibao kimeanguka, piga picha siku hiyo hiyo, nguzo na mazingira yake yakionekana, na upeleke taarifa kwa meneja wa TANROADS wa mkoa husika, kwa kuwa barabara kuu ni mali yao kuitunza. Nguzo ile isipoinuliwa, kesho dereva mgeni atapita hapo asijue kama anaingia kijijini. Lakini wewe, ndugu yangu, si mgeni. Umepita Mikese mara sita kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa miaka sita, na unaijua kila genge la nyanya lililopo pale. Mahakamani ungeweza kusema kwamba hukuona kibao. Nyumbani kwako hutaweza kusema kwamba hukujua kuna watu.

Ulilouliza kuhusu kamera linastahili jibu refu kuliko nafasi niliyonayo, ila sitaki kulikwepa, kwa sababu nimesikia pia wale wanaosema kwamba kila kamera ni mradi wa mapato, na ninaona kwamba hofu yao ina chanzo. Kamera ikifichwa nyuma ya kichaka mahali ambapo kikomo hakieleweki, haimzuii mtu kukimbia; inasubiri akimbie ndipo imwandikie. Shemeji yako anaweza kukueleza kwamba Uingereza walilipitia jambo hili. Kamera zao za kwanza ziliwekwa mwaka 1992. Baadaye, kati ya mwaka 2000 na 2007, sehemu ya fedha za faini ilirudi kulipia kamera zenyewe, na wananchi wakanung'unika kama unavyonung'unika wewe, hadi mpango huo ukafutwa. Kwenye barabara kuu za Uingereza iliamuliwa kwamba kufikia Oktoba 2016 kamera zote za mwendo ziwe zimepakwa rangi ya manjano ili dereva azione kutoka mbali. Ukifikiri utaona kwamba kamera ya manjano ni hasara kwa mkusanya mapato, na ni faida kwa anayevuka barabara.

Huko pia taarifa ya kosa inapaswa kutumwa kwa mwenye gari ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Kampuni haiwezi kuiacha karatasi ilale mezani kama ilivyolala ya Kibamba. Adhabu ya chini ni pauni 100 na pointi tatu kwenye leseni, na mwenye kufikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu huweza kunyang'anywa leseni, tajiri na maskini sawasawa. Aliyezidisha kidogo anaweza kupewa nafasi ya kuhudhuria darasa la mwendo badala ya pointi. Ningependa sana kuona darasa la namna hiyo kwetu, kwa sababu shilingi 30,000 kwa mwenye gari la kifahari ni chakula cha mchana, na kwako ni ada ya mtoto. Adhabu inayopimwa kwa fedha peke yake haiwagusi watu kwa uzito mmoja. Kwetu hili limekwisha kukubaliwa kwa sehemu, kwa kuwa mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kuangalia kipato cha wanaoziendesha.

Je, zinaokoa watu? Ufaransa walianza kuweka kamera za kujiendesha mwaka 2003, katika kampeni kubwa dhidi ya ajali. Mwaka 2002 walikufa zaidi ya watu 7,000 katika barabara zao. Mwaka 2006 walikuwa wameshuka chini ya 5,000. Kamera hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini wale maelfu wapo hai kwa sababu miguu ya watu wengi iliinuka kidogo kwa wakati mmoja. Jirani zetu wa Rwanda nao walijaza kamera Kigali, wakazi wakazipa jina la Sofia, na malalamiko hayakuwa juu ya Sofia mwenyewe tu bali pia juu ya vibao vya 40 vilivyowekwa mahali pasipostahili. Mwaka 2021 serikali ilisikia na vibao vingi vikapandishwa hadi 60. Ninakupa mfano huo ili ujue kwamba kudai vibao vya haki si kuikataa kamera. Nguzo yako ya Mikese iliyolala majanini ni dai halali kabisa.

Kuna aina moja ya kamera ninayotamani ije kwetu mapema, nayo ni ile inayopima wastani. Inasoma namba ya gari mahali pa kwanza, inaisoma tena kilomita kadhaa mbele, na kugawanya umbali kwa muda. Katika barabara ya A9 ya Uskoti, kati ya Dunblane na Inverness, zimekuwepo tangu Oktoba 2014, na siku zilipowashwa malori makubwa yaliongezewa kikomo katika barabara hiyo kutoka maili 40 hadi 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80. Kamera ya wastani haijali umepunguza wapi na umewashiwa taa na nani. Madereva wa mabasi yetu ya mikoani wanaijua hali hiyo kwa namna nyingine, maana mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwenendo wa mabasi unawatazama njia nzima, si mahali askari alipokaa tu. Kwa dereva kama wewe, kamera ya namna hiyo ingekuwa shahidi wako: mkuu wa usambazaji angeiona kwa macho yake kwamba Kibaha hadi Msamvu kwa saa moja na nusu haiwezekani bila faini, na ratiba ingebadilika siku hiyo hiyo.

Limebaki kundi la WhatsApp, ambalo hukuniuliza. Ninajua kwamba linawaweka karibu, na kwamba humo mnachangiana misiba na kusaidiana gari likiharibika njiani. Sikuambii utoke. Lakini neno "kweupe" lililokufikia kabla ya Mlandizi lilikuwa na maana moja tu, kwamba hapakuwa na askari. Mtoto alikuwepo, na hakuna aliyemwona wa kumtangaza. Ukiweza, waambie wenzako kisa chenyewe jinsi kilivyokuwa, ukiwapa na mwendo uliokuwa nao. Wewe ndiye wa kuwaambia, kwa sababu mimi nikisema watasema sijawahi kushika usukani wa Canter, nao watakuwa wamesema kweli.

Zungumza pia na mke wako, umwonyeshe karatasi ya makato. Siku mbili mlizonyamaziana zilitokana na tarakimu ambazo angeweza kuzisoma mwenyewe.

Na utakapoingia kwenye kikao usiombe tu kusamehewa makato. Peleka pendekezo lenye faida kwa pande zote: mzigo upakiwe jioni, gari lilale bohari likiwa tayari, nawe utoke getini saa 11 alfajiri kabla Mandela haijafungana. Hapo utakuwa Kibaha kabla ya saa 12 na nusu, na kwa mwendo wa halali utafika Msamvu kabla ya saa 3, mteja akiwa bado anafungua milango. Kampuni haitaongeza senti isipokuwa malipo ya wapakiaji wa jioni na haki yako ya muda wa kupumzika, ambayo uidai pia, kwa kuwa dereva aliyesinzia ni hatari sawa na aliyekimbia. Anza na mzigo wa Jumatatu. Uombe upakiwe Jumamosi jioni.